Pesa ya hisa: nitie plasta, ninunue bangili au nijiwekee uzee?

Swali:

"Assalaam alaykum. Mie nna miaka 46, nakaa kaskazini Pemba, watoto watano, wawili bado wako skuli. Kazi yangu mwani, na asubuhi nakaanga maandazi nauza hapa hapa nyumbani. Mwezi mzuri napata kama laki mbili na nusu, lakini kaskazi maji yakichemka mwani ukakatika hata elfu 70 sipati. Mume wangu ana mke mwengine. Nyumba nnayokaa tumejenga pamoja kwenye kiwanja cha kwao, bati zote nimenunua mie kwa pesa ya mwani. Juzi tumevunja kikundi cha hisa nimepata 1,850,000. Mume anataka nimpe tupige plasta na tutie madirisha, binti yangu anasema kuna grupu kwenye simu unaweka pesa mwezi mmoja inarudi mara mbili, na mie moyo wangu uko kwenye bangili. Nina mama yangu ana miaka 74, namuona anavyoishi kwa kungoja mtoto gani atamtumia, naogopa. Nimechelewa? ZSSF si ya wafanyakazi tu? Na benki si riba?"

Jibu:

Waalaykumu salaam dada yangu. Nimeisoma barua yako mara mbili. Juu juu unauliza plasta na bangili, lakini mie naona unachokiuliza khasa ni hichi: hii nguvu nnayoitoa baharini, siku nikifika umri wa mama yangu itakuwa imebakia wapi, na kwa jina la nani. Nitakujibu hilo kwanza, mengine yatafuata yenyewe.

Hujachelewa. Una miaka 46, mpaka 60 una miaka 14 na hata baada ya hapo hutolala kitandani, utakuwa bado unafanya kazi ingawa si ya kuinama majini. Aliekwambia akiba ya uzee inaanzwa ukiwa na miaka 20 hajakosea, ukianza mapema unapata zaidi, lakini hiyo haina maana kwamba wa miaka 46 akae amekunja mikono.

Sasa nikwambie kitu nnachokiona kwa wanawake wengi sana wanaokuja kwangu, wa Pemba na wa Unguja, wenye mishahara na wasio na mishahara. Shida yao kubwa mara nyingi si kipato kidogo. Shida ni pesa yao inakwendea wapi. Kwenye dini yetu chakula, mavazi na makaazi ni juu ya mume, na pesa ya mke ni yake mwenyewe, akisaidia ni ihsani yake. Hilo kila mtu analijua, lakini nyumbani inavyokuwa ni vyengine: sukari imekwisha anatoa mke, sabuni mke, sare ya skuli mke, mtoto ana homa saa nne usiku mke, halafu mume yeye pesa yake akiipata inakwenda kwenye tofali, kwenye chombo, kwenye kiwanja. Hakuna aliekaa akapanga kumdhulumu mwenziwe, ndo maisha yalivyojipanga tu. Lakini baada ya miaka 20 ukiangalia, pesa ya mume imesimama inaonekana na ina jina, na pesa ya mke imeliwa. Ikitokea talaka au mauti ndo mwanamke anagundua kuwa alifanya kazi miaka yote na hana cha kushika. Na wanawake ndo wanaoishi muda mrefu zaidi, na mara nyingi mume ni mkubwa kwa miaka kadhaa, kwa hiyo uwezekano wa wewe kubaki peke yako uzeeni ni mkubwa kuliko wa yeye. Sikutishi dada, nakueleza hesabu.

Wewe angalau umenunua bati, na bati haliliwi. Lakini tuizungumze hiyo nyumba maana ndo mali yako kubwa kuliko zote na ndo iliyokaa vibaya kuliko zote.

Mume akitangulia mbele ya haki na ana watoto, wake zake wanapata thumuni, moja ya nane, na kama mko wawili mnaigawana hiyo hiyo, kila mmoja moja ya kumi na sita. Tuseme mali yenyewe ni hiyo nyumba tu na imethaminiwa milioni 16, fungu lako ni milioni moja, na pengine bati na mbao peke yake umetia zaidi ya hapo. Akikuacha na eda ikaisha, mirathi huna kabisa. Na juu ya yote kiwanja ni cha kwao, kama bado ni mali ya marehemu babake haijagaiwa basi hata yeye mwenyewe hana sauti nacho peke yake.

Lakini kuna kitu wengi hawakijui. Ulichokitia wewe si mirathi, ni mali yako au ni deni lako, na madeni yanatolewa kwanza kabla ya warithi kugaiana. Tatizo ni ushahidi tu. Shemeji zako wakisema "bati alinunua kaka yetu" utawaonesha nini? Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi ya plasta, mkae na mumeo kwa utaratibu, muandike karatasi: nyumba ipo wapi, nani ametoa nini, bati kiasi gani mwaka gani, kiwanja cha nani, na kama ni cha familia basi wakubwa wa familia nao wakubali kwamba umejenga kwa idhini yao. Msaini wote, mashahidi wawili, na mpite kwa sheha. Risiti za bati kama unazo zipige picha, kama huna mwenye duka pengine anakujua. Na kama mumeo ana nia ya kukupa hiyo nyumba au sehemu yake, akupe hiba, yaani zawadi, sasa hivi akiwa hai na mzima, akukabidhi kweli kweli, maana hiba isiyokabidhiwa haijatimia, na wasia kwa mrithi haupiti mpaka warithi wengine wakubali. "Mie nikifa nyumba hii yako" ya kwenye mkeka baada ya chakula haitokusaidia mahkamani. Upande wa talaka pia mambo yamebadilika kidogo: Sheria ya Mahkama ya Kadhi ya 2017 imempa kadhi uwezo wa kusikiliza madai ya mali za ndoa kwa kuangalia mchango wa kila mmoja. Ila mchango lazima uuoneshe, kwa hiyo tunarudi kwenye karatasi.

Najua utasema nikimletea mume wangu karatasi atadhani namtakia mauti au nataka kuondoka. Mwambie ukweli, kwamba unataka watoto wako na wa mwenzako wasije wakagombana. Na mkumbushe kuwa Qur-ani yenyewe imeamrisha madeni yaandikwe, haikusema tuwe tunaaminiana tu.

Haya tuje ZSSF, yaani Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar. Hapana, si ya wafanyakazi tu. Mfuko ulianzishwa kwa sheria ya 1998 na kweli ulianzia kwa walioajiriwa, lakini una mpango wa hiari kwa waliojiajiri wenyewe, wakulima, wavuvi, wauza maandazi, wote. Tafauti yake ni kwamba wewe huna mwajiri wa kukuongezea, unachokiweka ndo chako na faida inayopatikana. Nenda ofisi yao ya Chake na uwaulize maswali haya usione haya: naweza kuchangia kwa msimu badala ya kila mwezi? nikikosa miezi mitatu inakuwaje? pesa naweza kuitoa lini na kwa sharti gani? faida inahesabiwa vipi na mnaiwekeza wapi? nikifa anapewa nani? Mtu wa kazini akikujibu hayo yote vizuri basi ujue pesa yako umeiweka pahala panapoeleweka.

Kuna na pensheni jamii, watu wanaichanganya na ZSSF. Ile ni ya kila mzee wa Zanzibar aliefika miaka 70, hata kama hajawahi kuajiriwa siku moja, ilianza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadae ikapandishwa mpaka 50,000. Mama yako ana 74, kama hajasajiliwa hilo lifanye wiki hii kabla ya kitu chochote. Na wewe mwenyewe hebu kitoe kitambulisho chako cha Mzanzibari uangalie mwaka wa kuzaliwa. Wapo wazee waliozaliwa nyumbani wakaandikiwa mwaka wa kukisia tu, wamepunguziwa miaka mitano, na sasa wanangoja haki yao. Ukiwa na 46 ni rahisi kurekebisha, ukiwa na 69 ni mbio.

Benki na riba. Hofu yako ni ya haki, sikwambii uiache. Lakini si kila akaunti ni ya riba. PBZ, Benki ya Watu wa Zanzibar, wana huduma za Kiislamu, Amana Bank ndo kazi yao, na benki nyengine nazo zimefungua huduma hizo hizo. Akaunti ya wadia ni amana tu, unaweka unachukua, haizai. Mudaraba ni tafauti, wewe unatoa mtaji benki inaufanyia biashara ya halali, faida ikipatikana mnagawana kwa mafungu mliyokubaliana toka mwanzo, ndo maana hawakuahidi asilimia kamili, na anaekuahidi faida ya uhakika halafu akaiita mudaraba muulize vizuri. Na mabenki yaliyosajiliwa na Benki Kuu yana bima ya amana, benki ikianguka unalipwa mpaka milioni 7.5, kwa akiba yako wewe inatosha.

Ila nikuulize kwa mapenzi tu: kikundi chenu cha hisa mkopo mnatoza asilimia ngapi? Maana vikundi vingi nilivyovikagua mkopaji anarudisha na nyongeza ya kumi kwa mia, na ile "faida" mnayogawana siku ya kuvunja imetoka hapo hapo. Kama riba inakutia khofu benki basi swali hilo hilo mlipeleke na kwenye kikundi, mkae na mtu wa elimu. Vipo vikundi vimebadilisha, wanamnunulia mkopaji bidhaa yenyewe halafu wanamuuzia kwa bei wanayokubaliana alipe taratibu, wengine mkopo hauna nyongeza kabisa na faida wanaitafuta kwa biashara ya pamoja.

Kikundi chenyewe usikiache, kinakupa nidhamu ambayo kibubu hakiwezi kukupa. Tatizo lake kwa akiba ya uzee ni moja tu, kila mwaka mnavunja mnaanza sifuri. Mnavunja kabla ya Ramadhani, pesa inaingia Idi, nguo, futari, sare, na mfungo sita mkononi hamna kitu. Umeweka hisa miaka mingapi? Jumlisha ulichopokea miaka yote hiyo halafu jiulize kipo wapi. Kwa hiyo mwakani siku ya kuvunja, kabla hujafika nyumbani, thuluthi moja ipitie benki au ZSSF. Ikishalala usiku mmoja nyumbani imeshapata wenyewe.

Bangili sasa. Dhahabu sikukatazi, wanawake wa visiwa hivi wameokolewa na dhahabu miaka na miaka na kwa haki, kwa sababu ni mali ambayo hakuna anaebishana kuwa ni ya mwanamke. Na miaka hii ya karibuni bei imepanda sana, alienunua zamani anacheka. Lakini unaponunua kwa sonara unalipa na ufundi, unapouza unalipwa uzito peke yake, kwa hiyo ukinunua leo ukauza mwaka kesho kwa shida unaweza ukatoka na hasara hata kama bei haijashuka. Bangili nzito isiyo na nakshi ni akiba bora kuliko seti nyembamba yenye mawe. Chukua risiti yenye uzito na karati. Na ile ya kuweka, sio ya kuvaa, ikifika gramu 85 ina zaka. Halafu kuna la kuazimwa, mume amekwama mtaji anaomba bangili "miezi mitatu tu", hilo nalo andikeni. Kwa pesa uliyonayo leo mie nisingeitia yote humo.

Hiyo grupu ya kwenye simu usitie hata elfu tano, na binti yako mwambie atoke. Pesa haiwezi kuzaa mara mbili kwa mwezi mmoja kwenye biashara yoyote ya halali, si karafuu, si mwani, si utalii. Wanachofanya wanachukua pesa ya anaeingia leo wanamlipa alieingia jana, yule anashangilia anawaita wenziwe, na siku wanaoingia wakipungua simu inazimwa. Bara walishapita huko na DECI, upatu wa namna hii hii, ilipofungwa 2009 walioumia ni wale wa mwisho, na wengi walikuwa wanawake wenye vibiashara kama chako. Ukitaka uwekezaji wa kweli upo, kuna mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT ambayo inaendeshwa toka 2005, kuna sukuk, yaani hatifungani isiyo na riba, ya Serikali ya Zanzibar iliyotoka 2025, lakini mifuko mingi ya uwekezaji inaweka pesa kwenye hatifungani zenye riba, kwa hiyo kwa wewe mwenye khofu ya riba sukuk au mfuko uliotajwa wazi kuwa unafata sharia ndo wa kuulizia. Na si wa kuanzia, wa baadae.

Nikupe hesabu uone mwenyewe, ni mfano tu si ahadi ya mtu. Ukiweka wastani wa shilingi 30,000 kwa mwezi miaka 15, kwenye kibubu utapata milioni 5.4. Pahala panapokupa faida ya asilimia 8 kwa mwaka itafika kama milioni 10.4. Nzuri, lakini vitu navyo vinapanda bei. Tukisema vinapanda asilimia 4 kila mwaka, baada ya miaka 15 kitu cha shilingi 1,000 kitauzwa 1,800. Maana yake ile milioni 5.4 ya kibubu itanunua vitu vya milioni 3 za leo, na ile milioni 10.4 itanunua vya kama milioni 5.8. Ukiigawa hiyo kwa miaka 20 ya uzee haifiki hata elfu 25 kwa mwezi.

Nakwambia hivi sio nikuvunje moyo, nataka ujue kwamba akiba ya pesa peke yake kwa kipato chako haitokulisha. Itakuwa nguzo moja. Ya pili pensheni jamii ukifika 70. Ya tatu pahala pa kukaa ambapo hakuna wa kukutoa, ndo maana nimeing'ang'ania karatasi ya nyumba. Na ya nne kitu kinachoingiza bila ya wewe kuinama majini: miti kwa jina lako, chumba cha kukodisha, cherehani, friji ya barafu na juisi kama umeme upo wa uhakika. Watoto watakusaidia inshaallah, lakini nao watakuwa na zao, mmoja yuko Muscat mmoja hana kazi, na mara nyingi mzigo wote unamuangukia binti mmoja aliebaki karibu.

Kwa hiyo hiyo 1,850,000 mie ningeigawa hivi. 600,000 iwe ya dharura, akaunti ya wadia kwa jina lako peke yako, ya kukutoa kwenye kaskazi mwani ukikatika, ili usikope wala usiuze mwani mbichi kwa bei ya kutupa. 500,000 ianze akiba ya uzee, ZSSF ya hiari au mudaraba, na kuanzia hapo kila mzigo wako ukipimwa na mnunuzi toa moja katika kumi, isiguswe. 400,000 itie kwenye kazi yenyewe. Mwani unaoanika mchangani unajaa mchanga na takataka na mnunuzi anakukata, ukitengeneza chanja nzuri za kuanikia na turubali la mvua, na kamba mpya na taitai za kufungia mwani, bei na uzito vyote vinakuwa vyako. Nimeona mama mmoja wa Tumbe anakunguta mwani wake juu ya chanja shada moja moja kama anachambua mchele, na mnunuzi hamuulizi maswali, anapima tu. Inabaki 350,000. Hiyo ndo ya nyumba, dirisha mbili tatu, plasta ingoje.

Kwenye mambo mawili usitosheke na maandishi yangu, nenda mwenyewe ukaonane na watu. La kwanza kama umeambiwa usaini dhamana ya mkopo wa mtu, au nyumba au dhahabu yako iwekwe rehani, usisaini siku hiyo hiyo hata kama ni mumeo, chukua karatasi umpelekee anaejua sheria akusomee. La pili ni hiyo nyumba. Kama mume atakubali kuandika basi wasaidizi wa sheria wa wilaya yenu watakuandikieni vizuri, na ZAFELA nao ni wanasheria wanawake wanaosaidia khasa kesi kama hizi. Na kama atakataa kabisa kusaini, usigombane nae wala usimtolee maneno kwa jirani. Nenda kwao peke yako kwanza na picha za risiti na jina la fundi aliepiga bati, wakueleze unasimama wapi, na hiyo 350,000 iache benki mpaka wakupe jibu.